Ubao Uliokwenda Nyumbani Bila Kuoga

Ubao wa darasa la nne ulikuwa na desturi moja ambayo ubao wa darasa jingine lolote pale shuleni haukuwa nayo: kila alasiri ulikwenda nyumbani.

Haukwenda kwa miguu, ulikwenda kwa simu ya mwalimu. Kipindi cha mwisho kikiisha, mtoto wa zamu alipanda juu ya kiti akaupiga picha ubao mzima, pembe hadi pembe. Mwenzake akaisogeza simu mdomoni, akaeleza kwa sauti yake mwenyewe walichojifunza siku hiyo. Picha na sauti zikatumwa kwenye kundi la wazazi mtandaoni, na kabla hazijatumwa hakuna aliyeruhusiwa kugusa dasta. Mtoto mwenye haraka zake akiinyanyua tu, mwalimu alimwambia, "Subiri, ubao haujaenda nyumbani." Aliyasema maneno hayo mara nyingi mno, hata watoto wakambandika jina la Mwalimu Subiri. Alijua wanavyomwita, na hakuwa na kinyongo. Mwalimu wa michezo aliitwa Filimbi Mbovu, kwa hiyo yeye alijihesabu kuwa ametoka salama.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi wa kucheka, na kila gauni lake lilikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia. Wazo la kupeleka ubao nyumbani lilimjia kwenye kikao kimoja cha wazazi, pale baba mmoja aliposimama kulalamika kwamba kila siku humwuliza mwanawe amejifunza nini shuleni, na kila siku hujibiwa, "Hakuna." Wazazi wote wakaguna kwa kukubali, maana kila nyumba ina hakuna yake. Mwalimu alirudi kwake neno hilo likimkera. Yeye anasimama tangu asubuhi mpaka miguu inawaka moto, anafundisha mizizi na sayari na kutoa kwa kukopa, halafu yote hayo yakifika kwenye kizingiti cha nyumba yanageuka kuwa hakuna?

Basi akaanzisha kundi. Mwanzoni wazazi wengi walikaa kimya, wakidhani ni mbinu nyingine ya shule ya kuwaita vikaoni. Kisha mambo yakaanza kunoga. Bibi mmoja muuza mboga, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukalia dawati, alizisikiliza sauti akiwa kwenye meza yake sokoni, na jioni akamketisha mjukuu wake: mimi nauza karoti miaka yote, hebu nieleze hiyo karoti inakunywaje maji. Mjukuu aliyezoea kujibu hakuna akajikuta anachora karoti sakafuni kwa kipande cha mkaa. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa akisikiliza asubuhi anaporudi kutoka kazini, kabla hajalala, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba mwanawe anaweza kusema mbele za watu bila kigugumizi. Na mtoto mmoja aliyevunjika mguu akalala kitandani wiki nyingi, aliporudi na magongo yake alikuta wenzake hawajamwacha nyuma, isipokuwa kwenye kukimbia.

Kila kundi lina mtu wa kusema kwa niaba ya wengine, hata kama hawajamtuma. Katika kundi hili alikuwa kinyozi ambaye duka lake lilitazamana na geti la shule, ng'ambo ya barabara. Mtaani walimwita Redio, na hakuwa redio ya kuzimika. Ubao ulipofika alasiri, aliiegemeza simu kwenye kioo, akaongeza sauti mpaka mwisho, na wateja wote, wa kwenye kiti na wa kwenye benchi, wakasikia habari za darasa la nne wapende wasipende. Alikuwa wa kwanza kumpongeza mwalimu na wa kwanza kumtania. Ukutani mwa duka lake palikuwa na picha za mitindo ya nywele, na chini ya kila picha namba aliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, ili mteja asijisumbue kueleza. Unasema tu, ninyoe namba tatu, ninyoe namba saba. Saba zake alizikata kwa mstari katikati. Aliziita saba zenye mkanda, akidai kwamba saba isiyo na mkanda inaweza kuvukwa na suruali mbele za watu.

Huyo Redio alikuwa na binti yake darasani kwa Mwalimu Subiri, na binti huyo wenzake walimwita Nong'ona. Mungu hugawa anavyojua mwenyewe: sauti yote ya nyumba ile alipewa baba. Mtoto akiulizwa swali alisogea mpaka kwenye sikio la mwalimu akamnong'oneza jibu, na mara nyingi jibu lilikuwa sahihi, lakini mbele ya ubao hakwenda. Mwalimu hakumlazimisha. Kwanza alimruhusu kunong'ona, baadaye akamwomba aandike jibu kwenye kipande cha karatasi, baadaye tena aliandike kubwa ili wenzake walione kutoka madawati ya nyuma. Muhula ukakatika hivyo, haba na haba. Alishawafundisha watoto wakimya wengi, na alijua kwamba mtoto wa namna hiyo havutwi kwa kamba. Unamwachia mlango wazi, unajifanya unatazama kwingine.

Sasa tuje kwenye kosa, maana bila kosa hakuna hadithi. Mwalimu Subiri alikuwa na mazoea ambayo mwenyewe hakuyaona. Kabla ubao haujapigwa picha, aliuogesha. Hakutumia maji. Alipita na chaki na ncha ya dasta, akarekebisha jibu lililokosewa, akanyoosha mstari uliopinda, akarudishia herufi iliyosahauliwa. "Mtu haendi kwa watu bila kuoga," aliwaambia watoto kwa mzaha, nao wakacheka, na wazazi wakapokea kila siku ubao msafi usio na doa. Wakausifu. Wakauzoea. Wakaamini kwamba kila kilichopo pale kimetoka kwenye mkono wa mwalimu. Hakuna aliyewadanganya, lakini pia hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Siku yenyewe kipindi cha mwisho kilikuwa cha hisabati. Mwalimu aliandika swali: machungwa 749 yagawanywe sawasawa kwenye vikapu 7. Alipogeuka kuuliza nani aje ubaoni, kati ya mikono iliyoinuka aliona mmoja ambao hakuwahi kuuona hewani. Alinyoosha chaki tu, kwa sababu aliogopa kwamba akitamka jina lake mkono ule utashuka. Nong'ona akaja mbele. Aliandika polepole, darasa zima limenyamaza, akamaliza: kila kikapu machungwa 17. Saba zake zote zilikuwa na mkanda.

Lilikuwa kosa, tena lile kosa la kila mwaka. Saba kwenye nne haiingii, mtoto anairuka nne na kusahau kuandika sifuri ya kushika nafasi. Jibu lilikuwa 107. Mwalimu aliliona papo hapo na akaliacha kwanza, maana mtoto aliyegeuka kutoka ubaoni alikuwa na uso unaong'aa, na uso wa namna hiyo haukimbiliwi kwa dasta. "Umefika mbali," alimwambia. "Kilichobaki tutakitafuta pamoja." Hapo hapo mvulana wa dawati la mbele akaanza kutokwa na damu puani. Mwalimu akamshika mkono kumkimbiza bombani, na akiwa mlangoni akamwachia kiranja simu: pigeni picha, tumeni. Kiranja alikuwa mtoto mtiifu. Mwalimu aliporudi na mvulana mwenye pamba puani, ubao ulikuwa umeshakwenda nyumbani, na haukuwa umeoga.

Mama mmoja mhasibu ndiye aliyeona kwanza. Aliandika kwa adabu kwamba, samahani mwalimu, kumi na saba mara saba ni mia moja kumi na tisa, sasa machungwa mia sita na thelathini sijui yamekwenda wapi. Angeishia hapo, jambo lingeisha. Lakini Redio alikuwa na duka lililojaa watu, na Redio mbele ya watu ni kama moto mbele ya mafuta. Akarekodi sauti yake, na vicheko vya wateja nyuma: "Mwalimu, machungwa mia sita na thelathini hayaonekani. Kama umeyala peke yako, basi tuonyeshe hata maganda." Kundi likalipuka. Waliocheka wakacheka. Wengine wakakumbuka walivyofundishwa wao zamani, wakatuma hesabu zilizoandikwa nyuma ya bahasha, kila mmoja na njia yake, na baadhi ya njia hizo nazo zilipoteza machungwa. Kisha baba mmoja akauliza bila kucheka: kama mwalimu mwenyewe hawezi kugawanya, watoto wetu wanajifunza nini pale? Hapo mzaha ukakauka, na watu wakaanza kukubaliana naye mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu Subiri aliyasoma hayo jikoni kwake, mwiko mkononi, sufuria ikianza kushika chini. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa mezani na feni ya jirani aliyoifungua vipande vipande. Alisomewa yote, akasikiliza, akaweka bisibisi chini.

"Mke wangu, andika mstari mmoja tu," alisema. "Sema ni kazi ya mwanafunzi. Yaishe."

"Hayaishi. Nikisema ni mwanafunzi, kila nyumba itauliza ni mwanafunzi gani, na watoto wote walikuwepo." Akaigeuza simu kifudifudi. "Na anayecheka kuliko wote ni baba yake."

Fundi alinyanyuka akaiepua ile sufuria.

Mwalimu alikuwa na hasira, na hasira yake haikujua ikae wapi. Alimkasirikia Redio, ambaye alikuwa anamcheka binti yake mwenyewe bila kujua, nyani haoni kundule. Alimfikiria yule mtoto ameketi kwenye kona ya nyumba yao, baba akiirudia ile sauti kwa kila jirani anayeingia. Hilo lilimuuma kuliko jina lake kuchezewa. Kisha hasira ikamrudia mwenyewe na ikakaa. Kama wazazi wangezoea kuona makosa ubaoni tangu siku ya kwanza, kosa moja lingekuwa habari? Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba ubao haukosei. Akaandika kwenye kundi: "Wazazi wangu, nimeona. Hesabu hiyo tutaimalizia darasani." Watu walilichukua hilo kuwa ni kukiri.

Asubuhi Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mzee wa maneno machache, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepigiwa simu tangu hajanywa chai. Aliuliza kama ule ulikuwa mwandiko wake. Mwalimu Subiri akajibu kwamba ubao ni wake. Mzee akamtazama, maana naye alifundisha hisabati miaka mingi na kosa la sifuri alilijua lilipozaliwa, lakini hakumbana. Alisema tu kwamba wazazi wanataka maelezo, na kikao kimewekwa Ijumaa. Wasiporidhika, kundi litafungwa, na darasa la nne litarudi kwenye daftari na kalamu kama madarasa mengine. Mwalimu akamkumbuka bibi wa karoti na muuguzi wa usiku.

Darasani Nong'ona alikuwa amekuja, ila alikalia mikono yake yote miwili. Hakunong'ona chochote kwenye sikio la mtu siku hiyo. Kazi ya muhula mzima ilikuwa imerudi nyuma mpaka mahali ilipoanzia, na mwalimu akajiapiza moyoni kwamba kundi lifungwe, jina lake lisemwe sokoni, lakini kutoka mdomoni mwake jina la mtoto huyu halitatoka. Hakuifuta ile hesabu. Aliizungushia kisanduku kwa chaki kwenye pembe ya ubao akasema haifutwi mpaka darasa lijue machungwa yamekwenda wapi. Kila alasiri kisanduku kilikwenda nyumbani pamoja na masomo mengine, na kila alasiri Redio aliwatangazia wateja kwamba machungwa bado hayajapatikana, wanasubiri taarifa ya polisi.

Jambo moja lilimshangaza mwalimu. Darasa zima lilijua ni nani aliyeandika, na siri ya watoto wengi namna ile ni sawa na maji kwenye kikapu. Lakini haikuvuja. Nyumbani waliulizwa, tena kwa kubembelezwa: hebu sema, siku ile darasani kulitokea nini? Watoto wakalitoa lile jibu lao la zamani walilokuwa wameliweka akiba. "Hakuna." Hakuna mtu aliyewaagiza. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na kila mmoja wao alijua kwamba zamu yake ya kusimama pale mbele na chaki inakuja.

Jumatano wakati wa mapumziko mwalimu alikuwa peke yake darasani akisahihisha madaftari, akahisi mtu karibu na sikio lake.

"Mwalimu, kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Alitaka kumjibu kwa mzaha, akaona mzaha hautoshi. "Ubao ni wangu," alisema. "Kinachoandikwa juu yake ninakijibia mimi mpaka aliyekiandika awe tayari. Na usipokuwa tayari, ni sawa vilevile. Mimi bado nitakuwa mwalimu wako."

Mtoto akanong'ona kwamba baba anacheka sana. Akanong'ona kwamba kaka yake amemwambia Ijumaa watu wazima watakuja kumgombeza mwalimu. Kisha akatazama kile kisanduku ubaoni, akahesabu kitu kwa vidole, na midomo yake ikacheza bila sauti. Mwalimu alijua midomo ile inatafuta nini. Alijiinamia kwenye madaftari yake akajifanya anasahihisha.

Alhamisi kipindi cha mwisho kikafika, na mwalimu akauliza kama kuna mtu amejua machungwa yalikokwenda. Ule mkono ukainuka tena. Nong'ona alikwenda ubaoni, akaandika upya chini ya kisanduku, 749 kwa 7, na alipofika kwenye nne akasimama, akaandika sifuri kubwa ya mviringo kama sahani, akateremsha tisa, akamaliza. Mia moja na saba. Darasa likapiga makofi mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Lakini hakurudi kukaa. Alinyoosha kiganja chake kwa mwalimu, na ikachukua muda mwalimu kuelewa kwamba anaomba simu.

Sauti aliyorekodi ilikuwa ndogo sana. Mwalimu alimuuliza kama angependa kurudia kwa sauti ya juu zaidi kidogo, akatikisa kichwa. Ikaenda hivyo hivyo:

"Leo tumejifunza kugawanya. Hesabu ya kwenye kisanduku niliandika mimi, siyo mwalimu. Saba kwenye nne haiingii, nikairuka. Ukiruka lazima uandike sifuri, hata kama yenyewe haina kitu, kwa sababu inashika nafasi. Mimi niliisahau. Machungwa hayakuliwa."

Yaliyotokea ng'ambo ya barabara, mwalimu alisimuliwa na Filimbi Mbovu, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi anakatwa namba saba. Simu ililia, Redio akaiegemeza kwenye kioo kama kawaida, akaongeza sauti, na bado hakusikia neno. Akazima feni. Hakusikia. Ndipo akazima mashine ya kunyolea, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa ajili ya maneno ya mtu mwingine, na duka zima likasikia kimya chake. Aliisikiliza sauti ile mpaka mwisho. Akairudia. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akazitazama zile saba, akainua kichwa akatazama ukutani kwake, kwenye saba nyekundu yenye mkanda. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akatoka na aproni yake, mashine bado iko mkononi na waya unaburuta.

Watoto wengi walikuwa wameshatoka. Nong'ona alibaki kufagia kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na mwalimu alikuwa anafunga madirisha. Redio akasimama mlangoni. Nyuma yake alikuja mwalimu wa michezo, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mwingine kichaka, akaketi taratibu kwenye dawati la mwisho.

"Mwalimu," Redio alisema, "si ungeniambia tu."

"Ningekwambia wewe, mtaa mzima ungesikia."

Ilikuwa kweli, na Redio hakuwa mtu wa kubishana na kweli. Akamgeukia binti yake, na maneno yakamwishia. Mtu aliyekuwa na neno la kila kichwa kilichoingia dukani kwake alisimama pale akichezea waya wa mashine. Mwisho akakisogelea kile kisanduku, akaigusa saba ya kwanza kwa kidole.

"Hii nimekufundisha mimi," alisema. "Nimeitazama siku zote hizi na nimeicheka, na sikuiona." "Unisamehe, mama."

Nong'ona alitazama ufagio wake. Mwalimu alisikia machozi yanamlenga, akayapa mgongo kwa kulifunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Na sasa nionyeshe hapo kwenye sifuri," Redio akaendelea, sauti ikianza kumrudia. "Maana mimi nilicheka kwa sababu yule mama mhasibu alisema ni kosa. Ungeniuliza kosa liko wapi, ningekwambia leo saluni imefungwa."

Mtoto akaegemeza ufagio ukutani. Akachukua chaki, akamwandikia baba yake swali: machungwa 735, vikapu 7. Akampa chaki. Redio akakunja mkono wa shati, akaandika kwa mbwembwe zile zile anazonyolea, saba na mkanda wake. Saba kwenye saba, moja. Saba kwenye tatu, haiingii. Akateremsha tano, saba kwenye thelathini na tano, tano. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake: kila kikapu machungwa 15. Kwenye dawati la mwisho Filimbi Mbovu akakohoa.

Nong'ona alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha akacheka, na mwalimu akakumbuka kwamba hajawahi kumsikia mtoto huyu akicheka.

"Baba, umeyala yale yale. Yamepotea mia sita na thelathini."

Redio alitazama hesabu yake, akatazama kisanduku, akaelewa. Mkono ukaruka wenyewe kwenye dasta, kama mkono wa mtu yeyote aliyeaibika, lakini kabla dasta haijagusa ubao, vidole vidogo vikawa vimeishika aproni yake.

"Subiri, baba," alisema, na hakunong'ona. "Ubao haujaenda nyumbani."

Akapanda juu ya kiti, akapiga picha. Yote yalikuwemo, kisanduku, sifuri kubwa kama sahani, na machungwa kumi na matano ya baba yake. Ubao ukaenda nyumbani kwa mara ya pili siku hiyo. Sauti iliyoambatana nao ilikuwa ya Redio, na ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kutuma: machungwa yamepatikana, nilikuwa nayo mimi.

Kikao cha Ijumaa kilifanyika, kwa kuwa kilishatangazwa. Baba aliyeuliza watoto wanajifunza nini alikuwa wa kwanza kumpa mwalimu mkono, na bibi muuza mboga akasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuelewa sifuri ina kazi gani. Mwalimu Subiri alisimama akawaomba radhi kwa jambo moja tu, kwamba amekuwa akiwaogeshea ubao, na kwamba kuanzia sasa watauona ulivyo. Mwalimu Mkuu akavaa miwani yake akauliza kama kuna mwenye neno, na kwa kuwa hapakuwa na mwenye neno, wakahamia kwenye suala la milango ya vyoo.

Nong'ona bado ni mtoto wa maneno machache, na zamu yake ya kurekodi ikifika sauti yake bado ni ndogo. Lakini alasiri, ile sauti inapoanza, ng'ambo ya barabara mashine ya kunyolea huzimwa.